Mistari ya Mteremko

Kampuni yetu inauza mbegu. Jengo halina ghorofa, lakini limeinuliwa juu ya msingi mrefu kwa sababu ya maji ya mvua, kwa hiyo ukitaka kuingia ni lazima upande ngazi tano. Kwa miaka yote hakuna aliyeona ubaya wa ngazi hizo, mpaka ilipokuja barua ya mkoa.

Barua ilieleza sheria mpya. Kila mahali pa kazi penye watu zaidi ya ishirini pawe na njia ya mteremko na choo chenye mlango mpana na vishikio, na katika kila watu ishirini walioajiriwa, mmoja awe mtu mwenye ulemavu. Sisi tulikuwa ishirini na watatu, ukinihesabu na mimi mfagiaji. Tarishi wetu, mzee asiyeishiwa maneno, alisema kampuni ikipunguza watu watatu tu sheria haituhusu tena. Kisha akatazama watu watatu, mmoja baada ya mwingine, na hao watatu hawakucheka.

Pamoja na barua ilikuja orodha ya kurasa nne. Afisa Utawala aliibandika kwenye ubao wa matangazo ukumbini, na kila jambo lilipokamilika aliliwekea tiki kwa kalamu ya kijani. Ndiyo sababu, akiwa hayupo, watu walimwita Bwana Tiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga. Aliogopa wakaguzi kama wengine wanavyoogopa nyoka, na zile tiki ndizo zilizompa usingizi.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Kusoma najua, ila polepole. Kila asubuhi nikifuta vumbi pale ubaoni nilisoma mstari mmoja wa ile orodha, kama mtu anayekula karanga moja moja, ili nisije nikasahau kusoma. Ukurasa wa kwanza ulinichukua zaidi ya miezi miwili. Hakuna aliyejua, maana sikumwambia mtu. Mimi sisemi sana. Tarishi alinipa jina la Kimya siku yangu ya pili kazini, na jina likakaa.

Mteremko ulijengwa kando ya ngazi. Fundi alimimina zege, akalisawazisha, na kabla halijakauka akapitisha ufagio mgumu toka upande mmoja hadi mwingine. Zege likabaki na mistari mistari, kama nywele zilizopitishwa kitana. Niliiona kwa macho yangu na nikadhani ni uvivu wa fundi. Bwana Tiki akaagiza upakwe rangi nyekundu, rangi ya pakiti zetu za mbegu, halafu akanikabidhi mimi.

"Hapa ndipo mkaguzi atakapoanzia," alisema. "Pang'ae."

Mimi kung'arisha sakafu nilifundishwa na mama. Mama alifanya kazi za ndani miaka kumi na minane mpaka magoti yakakataa, na kwake sakafu isiyokuonyesha uso wako bado haijasafishwa. Ile mistari ilikuwa ikishika vumbi na matope ya viatu, ikaniudhi. Basi kila Jumamosi nilipiga magoti na kopo la polishi nyekundu, nikaisukumia polishi ndani ya mistari kwa kidole kilichofungwa kitambaa, mstari mmoja mmoja, nikasugua kwa brashi, nikapaka tena. Mwezi wa kwanza mistari ilipungua. Mwezi wa tatu ilikuwa imejaa, na mteremko ulikuwa laini kama sahani.

Bwana Tiki alisimama chini yake siku moja, mikono nyuma, akautazama kwa muda.

"Huu sasa ni mteremko wa kampuni," alisema. "Hongera, binti."

Nilikuwa na miaka mitatu pale na hiyo ilikuwa hongera ya kwanza. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona mrefu.

*

Kengele alianza kazi mteremko ukiwa mpya. Mguu wake wa kushoto ulinyong'onyea kwa ugonjwa wa utotoni, na alitembea kwa magongo mawili. Walimwajiri awe mtu wa mapokezi na simu, na sauti yake ndiyo iliyompa jina, kwa sababu ilikuwa safi na ilifika mbali bila yeye kuipandisha. Wateja walipiga simu wakiwa wamekasirika na kuikata wakiwa wanacheka.

Asubuhi moja nilikuwa nafuta meza yake, akapokea simu ya mkulima.

"Kampuni ya mbegu, karibu mzee wangu. Hazijaota? Pole sana. Ulizipanda lini?" Akasikiliza. "Jana." Akanitazama. "Mzee wangu, hata mtoto anasubiriwa miezi tisa. Zipe wiki moja tu, kisha unipigie tugombane vizuri."

Alipoweka simu aliniona najizuia.

"Cheka tu, Kimya. Hapa kucheka hakukatwi kwenye mshahara."

Yeye ndiye wa kwanza kunivutia kiti. Nilikuwa nakunywa chai yangu nikiwa nimesimama stoo, kati ya ndoo na mafagio. Alinifuata hadi mlangoni, akaegemea gongo moja.

"Unamkimbia nani huku?"

Nikatazama kikombe changu.

"Njoo ukae kwangu, siumi mtu. Tena sisi tunafaana. Mimi sina miguu, wewe huna mdomo. Tukiunganishwa anapatikana mtu mmoja mzima, na sheria ya mkoa haitamhusu."

Toka siku hiyo nilikunywa chai mapokezi. Yeye aliongea, mimi nilisikiliza. Ndivyo nilivyojua mambo yake. Alikuwa na binti wa miaka sita anayelelewa na bibi yake mbali na mjini. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameomba kazi mahali pengi. Mahali pengine alishindwa hata kufika ofisini kwa sababu ya ngazi, akafanyiwa usaili uani, wanaopita wakimtazama.

"Walisema watanipigia simu," aliniambia. "Na mimi simu nazijua. Ile haikuwa na nia ya kulia."

Kwetu alipewa miezi mitatu ya majaribio. Ikiisha, kama wameridhika, atapewa barua ya kuthibitishwa. Alikuwa ameshapanga chumba cha chini, karibu, chenye mlango unaopitisha magongo bila kugeuka upande. Alikuwa ameshanunua kitanda kidogo. Alichongoja ni barua tu, amlete mwanawe. Siku ya barua ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa hiyohiyo ndiyo siku ambayo mkaguzi wa mkoa aliahidi kuja.

"Wameniwekea na mgeni rasmi," alisema Kengele.

*

Kwa ajili ya mkaguzi, wiki ile sikungoja Jumamosi. Jumatatu jioni nilipaka polishi tena. Usiku kukanyesha manyunyu.

Jumanne asubuhi nilikuwa juu ya mteremko na dasta mkononi. Kengele alikuja kama kawaida yake, mapema kuliko wote. Alinipungia kwa kidevu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Akaweka gongo la kulia, akaweka la kushoto, akapanda hatua tatu. Ya nne, gongo la kulia lilikwenda. Halikujikwaa. Lilikwenda tu, kama sabuni kwenye beseni, na yeye akalifuata. Aliangukia mkono.

Nilimfikia kabla ya mtu mwingine. Alikuwa amekaa kwenye ule wekundu, ameshika kifundo cha mkono wa kulia, uso umebadilika rangi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba radhi mimi.

"Samahani, Kimya, nimekuharibia sakafu yako. Nimekanyaga vibaya. Mimi kuanguka nimezoea."

Nilimsaidia kukaa kwenye ngazi. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, lakini ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Tarishi alimpeleka zahanati. Mkono haukuvunjika, ila ulishtuka vibaya. Walimfunga bandeji na kumwambia asiuegemee kwa wiki tatu. Mtu anayetembea kwa magongo ukimwambia asiegemee mkono, umemwambia akae kitandani.

Walipoondoka nilivua kandambili. Niliuweka mguu wangu mtupu juu ya mteremko, nikabonyeza. Ukateleza. Nikajaribu mahali pengine, nao ukateleza. Nilikwenda ubaoni. Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa wa pili, lakini siku hiyo niliruka. Nilitafuta neno mteremko kwa kidole, nikalipata ukurasa wa tatu, mstari wa sita. Niliusoma mara tatu ili niwe na hakika. *Uso wa njia ya mteremko uwe wa kukwaruza wakati wote, na usipakwe kitu chochote chenye kuteleza.* Mbele yake palikuwa na tiki ya kijani. Na tiki haikuwa ya uongo. Siku ilipowekwa, mistari ya fundi ilikuwepo. Niliifuta mimi, kwa kidole changu, mstari mmoja mmoja.

*

Alhamisi mchana niliingia ofisini kwa Bwana Tiki kumwaga taka. Alikuwa anaongea na simu, na watu wakiongea na simu mfagiaji huwa hawamwoni. Daftari la ajali lilikuwa wazi mezani. Mwandiko wake ni mkubwa, haukunipa shida. *Mfanyakazi alianguka kutokana na hali yake.*

"Ndiyo, mkurugenzi," alikuwa akisema. "Ni kwa usalama wake mwenyewe. Kesho aanguke vibaya zaidi tufanyeje? Sheria inasema mmoja, haisemi yupi. Tutafute mwingine, mwenye ulemavu ambao..." Alitafuta neno. "Ambao hauanguki. Labda asiyesikia." Akasikiliza alichoulizwa. "Simu? Hilo la simu tutalitazama."

Alipoweka simu alijifuta paji la uso, akaniona.

"Bado upo, binti?"

Nikachukua ndoo nikatoka. Juu ya meza, kando ya daftari, palikuwa na bahasha yenye jina la Kengele. Ilikuwa nyembamba.

Jioni hiyo nilimweleza mama. Kwa mama naongea. Alikuwa amekaa kwenye kirago, miguu ameinyoosha, anachambua maharage. Nilimweleza yote, mistari, polishi, daftari, bahasha. Aliendelea kuchambua.

"Kuna aliyekuuliza?" alisema.

"Hakuna."

"Kuna aliyekuona ukipaka?"

"Wote waliniona, mama. Walinisifu."

"Mdomo uliponza kichwa," alisema mama. "Ukisema ni wewe, kesho uko hapa tunachambua wote, na maharage ni haya haya."

Mama alitupa jiwe dogo nje ya ungo.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kung'arisha," alisema baadaye.

"Ndiyo."

"Kule nilikofanya kazi palikuwa na bibi mzee, mama wa mwenye nyumba. Aliteleza bafuni nikiwa nimetoka kupiga deki. Wakasema uzee." Aliokota jiwe jingine, akalitazama, akalitupa. "Na mimi nikasema uzee."

Sikumwuliza bibi yule aliishia wapi. Mama aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni, akarudi na brashi ya waya anayosugulia masizi ya sufuria, na mfuko wa magadi.

"Polishi iliyokomaa haitoki kwa sabuni," alisema. "Maji yachemke. Umwage, usubiri, ndipo usugue. Na ufunge matambara magotini, usiwe kama mimi."

*

Ijumaa nilifika kabla mlinzi hajabadilishana zamu. Nilichemsha maji kwa birika la ofisi, birika baada ya birika, nikayatia magadi, nikamwaga. Polishi ililainika pamoja na rangi ikawa kama tope la damu. Nilisugua. Ilikuwa imekaa miezi mitatu, haikuwa na haraka ya kuondoka. Nilianzia upande wa kushoto, kutoka chini kwenda juu, na mistari ya fundi ikaanza kurudi, mmoja baada ya mwingine, ya kijivu, mikali kwenye ncha za vidole.

Hesabu yangu ilikuwa nimalize kabla ya saa mbili, nisafishe, kila mtu akute mteremko wa kukwaruza na mimi nisiseme neno. Huo ndio ukweli. Sikukusudia kuwa jasiri. Nilikusudia kusugua.

Lakini saa moja na nusu nilikuwa nimemaliza nusu tu. Upande wa kushoto ulikuwa wa kijivu na mbaya kama mgongo wa mamba. Upande wa kulia ulikuwa mwekundu, unang'aa jua likiupiga. Tarishi alifika kwanza. Aliuangalia.

"Kimya," alisema taratibu, "umepaka, au umepakua?"

Kabla sijajibu alikuja Bwana Tiki, na koti lake la siku za wakaguzi. Alisimama.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna," nilisema.

"Leo? Leo ya siku zote? Miezi mitatu unapapamba, leo unapabomoa?" Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona nyumba yake ikivuja mbele ya wageni. "Leta polishi. Paka haraka. Leta polishi, binti, kabla..."

Gari lilisimama mbele ya geti. Mkaguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, na viatu vya raba, mkoba begani na utepe wa kupimia mkononi. Alikuja nusu saa kabla ya muda wake, jambo ambalo baadaye Tarishi alisema ndilo kosa pekee la kisheria lililofanyika siku ile.

"Hamjambo," alisema. Aliutazama mteremko, akamtazama Bwana Tiki, akanitazama mimi niliyekuwa magotini. "Mnakarabati?"

"Usafi wa kawaida, mama," alisema Bwana Tiki. "Karibu sana. Ngazi ziko huku."

Mkaguzi hakwenda kwenye ngazi. Alipima upana, akapima urefu, akaandika. Kisha akaomba daftari la ajali. Bwana Tiki alikwenda mwenyewe kulileta. Mkaguzi alisoma akiwa amesimama.

"Huyu aliyeanguka Jumanne yuko wapi?"

"Yuko nyumbani anapumzika. Ni hali yake tu, mama, kama ulivyosoma. Tunafikiria namna ya kumsaidia apate kazi nyingine itakayomfaa."

"Niko hapa," ilisema sauti tunayoijua wote.

Kengele alikuwa getini. Alishuka kwenye pikipiki, mkono wa kulia ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, gongo moja tu kwapani kushoto. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Alikuja kwa kuruka kidogo kidogo, anapumzika, anaruka. Hakuna aliyemwendea, kwa sababu uso wake ulikataza.

"Leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya majaribio," alisema alipotufikia. "Nimekuja kazini. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema mkaguzi.

Kengele aliutazama mteremko wenye rangi mbili. Alitazama brashi ya waya, ndoo, matambara magotini mwangu. Niliona akili yake ikitembea, haraka kuliko gongo lake, na niliona ilipofika. Hakutabasamu.

"Kimya," alisema. "Nipite wapi?"

Watu wanne walinitazama.

"Pita upande wa kijivu, dada," nilisema.

"Kwa nini?"

Angeweza kupita tu. Alikuwa amekwisha kujua. Lakini alisimama pale kwa mguu mmoja na gongo moja, akanisubiri, na mkono wake ulikuwa kwenye bandeji, na nikaona kwamba nisiposema mimi, basi kilichoandikwa ndani ya lile daftari ndicho kitakachokuwa kweli.

"Upande mwekundu unateleza," nilisema. "Niliupaka polishi. Fundi aliweka mistari, nikaijaza. Kila Jumamosi. Sikujua ni ya nini. Jumatatu nilipaka tena, na Jumanne ukaanguka. Si hali yako. Ni mimi."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu, wala sijarudia.

Kengele aliweka gongo kwenye kijivu. Likakwaruza, likakaa. Akapanda. Kila hatua lilikwaruza na kukaa, mpaka akafika juu, akashika mlango, akageuka. Ndipo mkaguzi alipochukua ndoo yangu ya maji safi, akamwaga kidogo kila upande. Akapanda kwenye kijivu kwa viatu vyake vya raba. Akashuka, akaweka kiatu kwenye wekundu, na Tarishi akamdaka kiwiko.

"Asante," alisema mkaguzi. Alifungua orodha yake, ukurasa wa tatu. "Nani alimwambia huyu binti kwamba mistari ni ya kuzuia utelezi?"

Tarishi akamtazama Bwana Tiki.

"Nani alimwambia apang'arishe?"

Bwana Tiki alikuwa anatazama kalamu yake ya kijani kama mtu anayetazama mfukoni na kukuta pesa si zake.

"Mimi," alisema. Na nadhani na yeye hajawahi kusema neno dogo hivyo mbele ya mkaguzi. "Nilimpa hongera."

*

Mkaguzi hakuweka tiki kwenye mstari wa sita. Aliandika siku kumi na nne za kurekebisha. Aliandika pia kwamba kila anayeshika ufagio, rangi au ufunguo wa jengo asomewe orodha yote. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba mimi nilikuwa naisoma, ila sijafika. Aliniuliza nimefika wapi. Nikamwambia ukurasa wa pili, kwenye vitasa vya milango. Akaniomba nimwonyeshe choo kipya, kwa sababu alitaka aonyeshwe na mtu anayekijua.

Kuhusu bahasha, mkaguzi hakuwa na amri nayo. Alisema tu, akiwa anafunga mkoba, kwamba daftari la ajali likibaki lilivyo atalazimika kuliambatisha kwenye taarifa yake pamoja na maelezo ya kilichotokea leo. Alipoondoka, Bwana Tiki alikaa mapokezi, mahali pa wageni, na daftari magotini. Kengele alikuwa kwenye kiti chake. Bwana Tiki alikata mstari mmoja juu ya yale maneno aliyoyaandika, akanigeuzia daftari.

"Andika ulivyosema."

"Mwandiko wangu mbaya, bosi."

"Wangu ni mzuri, na umeona nilichoandika nao."

Niliandika. Ilichukua muda, na simu ililia mara mbili. *Mteremko ulipakwa polishi ukateleza. Alipaka mfagiaji. Mistari haikuelezwa.* Bwana Tiki alisoma, akaongeza chini yake *Kwa agizo langu*, akatia saini. Halafu akatoa bahasha kwenye koti, akaikunja mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Barua yako utaipata Jumatatu," alimwambia Kengele. "Hii ilikuwa na makosa."

Nilipobaki na Kengele peke yetu nilisimama nikiwa na ndoo yangu. Nilikuwa nangoja aseme si kitu. Hakusema.

"Siku tatu nimelala nikijitukana," alisema. "Najiambia, ona ulivyo, hata mteremko waliokujengea umekushinda. Nilimpigia mama simu nikamwambia asimfungie mtoto nguo. Na wewe ulijua toka Jumanne."

"Nilijua."

"Ungeniambia Jumanne ningelala."

"Samahani, dada."

Simu ikalia tena. Aliishika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukataka kwenda kwenye kalamu, ukakumbuka, ukabaki shingoni. Alimwomba mteja asubiri, akafunika simu kwa kidevu.

"Vuta kiti," aliniambia. "Umeniondolea mkono, utakuwa mkono mpaka upone. Andika nitakachosema."

Nikaweka ndoo chini, nikavuta kiti. Wiki tatu zilizofuata nilisafisha alfajiri, nikamaliza upande mwekundu wa mteremko na brashi ya mama, na kuanzia saa mbili nilikaa kando ya Kengele nikiandika majina ya watu na shida za mbegu zao. Mwanzoni aliniendea polepole kama anayemvusha mtoto. Mahindi, kilo tano. Nyanya, zimeliwa na wadudu. Wiki ya pili akaacha kupunguza mwendo, na mimi sikubaki nyuma sana. Alikuwa bado hajanisamehe yote. Siku nyingine alinyamaza kuliko kawaida, na nikajua ni hilo. Lakini chai tulikunywa pamoja.

Jumatatu ya wiki ya tatu, barua ya kuthibitishwa akiwa ameshaipata, alikwenda kituoni kumpokea bibi na mtoto. Alirudi saa nne. Kwa saa mbili nilikuwa peke yangu mapokezi, na nilikuwa naomba simu isilie. Ikalia. Tarishi, aliyekuwa anapanga barua, akaacha kupanga.

"Simu hiyo, Kimya," alisema. "Haitaondoka yenyewe."

Niliinua.

"Kampuni ya mbegu," nilisema. "Karibu."

Upande wa pili mzee mmoja alianza kulalamika kwamba mbegu zake hazijaota. Nikachukua kalamu.

"Pole sana, mzee wangu," nilisema. "Ulizipanda lini?"